Kabla ya kung'oa kamera ya analogi kwenye mashine ya kuchomelea

Wadogo zetu, karakana ikipata bajeti ya kamera mpya, swali lenu la kwanza huwa ni megapikseli ngapi. La pili, picha inachelewa kiasi gani, hamliulizi, mnang'oa tu kebo ya zamani siku hiyohiyo. Kisha opereta anasimama nje ya tangi, kidole kwenye kitufe cha slaidi (reli inayosogeza tochi, yaani kichwa cha kuchomelea, kushoto na kulia), anatazama picha safi ajabu, na mshono unatoka umepiga nyoka. Hapa tunazungumzia mashine ya nguzo na boriti inayochomelea mshono wa ndani wa tangi, iwe TIG (arki ya ncha ya tungsteni ndani ya gesi kinga) au chini ya flaksi (arki iliyofunikwa na unga). Macho ya opereta ni ile skrini, hana mengine.

1. Kamera ya ulinzi si ya kuongozea tochi. Kosa hili linarudiwa kwa sababu linafanana na busara: bei nafuu, picha ya 4K, inaingia kwenye rekoda bila usumbufu. Ila inachelewa. Kamera ya analogi ya PAL (mfumo wa zamani wa video) inatoa picha 25 kwa sekunde, kila moja kwa nusu mbili, na mistari inasafiri kwenye waya kadiri inavyosomwa. Hakuna anayeishikilia njiani, kwa hiyo kwenye skrini ya zamani uko nyuma ya tukio kwa milisekunde 20 hadi 40. Kamera ya ulinzi ya mtandao inaibana picha kwa H.264 au H.265 na kuiweka kwenye bafa (ghala la muda). Rekoda inaifungua na kuiweka kwenye bafa nyingine, halafu runinga nayo inairemba kabla ya kuionyesha. Kwa kawaida jumla ni milisekunde 200 hadi 500.

Mkisikia hivyo mnakimbilia kuzidisha ucheleweshaji huo kwa kasi ya kuchomelea. Siyo yenyewe. Mshono hauhami ghafla, kinachohama ghafla ni slaidi. Tuseme slaidi ya pembeni inakwenda mm 5 kwa sekunde na picha imechelewa milisekunde 300. Opereta anabonyeza, anaona ncha ya waya imefika katikati ya mfereji (nafasi kati ya kingo mbili zinazounganishwa), anaachia. Kumbe alipoiona hapo, ncha yenyewe ilikuwa imeshapita kwa mm 1.5, na bado hatujahesabu uzito wa kidole. Anairudisha, inapitiliza upande wa pili. Kwenye pasi (tabaka la mshono) pana ya juu hamtaona kitu, ndiyo maana majaribio yenu kwenye bati tambarare hufaulu. Kwenye pasi ya chini ya mfereji wa V, mm 1.5 inatosha ukuta mmoja usishike, na hilo litaonekana kwenye kipimo cha ultrasoniki baada ya pasi nyingine nne kulifunika. Hapo kazi ni kuchimbua na kurudia, na lawama anabeba opereta mkongwe, eti macho yamezeeka.

Kupima ni bure. Weka simu yenye saa ya kuhesabia mbele ya kamera, skrini iwe kando yake, kisha kwa simu nyingine piga picha inayoshika zote mbili. Tofauti ya namba ndiyo ucheleweshaji. Piga mara kumi, maana skrini ya 60 Hz peke yake inayumbisha jibu kwa milisekunde 17 hivi. Ikizidi milisekunde 100, msimkabidhi opereta. Nunueni kamera ya viwandani ya GigE Vision au USB3 Vision (viwango vya kamera za viwandani, kwa kebo ya mtandao au ya USB) inayotuma picha ghafi, kompyuta iionyeshe moja kwa moja, na rekodi ichukue nakala kwa njia yake ya pembeni. Wanaotaka kumbukumbu wasikae katikati ya kamera na opereta. Na vile visanduku vya kugeuza analogi kuwa mtandao ni hasara mbili kwa bei moja: ukungu uleule wa zamani, ucheleweshaji mpya.

2. Picha ya analogi ikiugua inatoa chenga na mistari, mtu anajua. Ya kidijitali inaganda, na ikiganda inapendeza: dimbwi la chuma kilichoyeyuka linang'aa, tungsteni iko katikati, kumbe tochi imeshahama. Weka kihesabu cha fremu (picha moja moja) kinachokimbia kwenye kona ya skrini, na programu iifanye picha nzima kuwa nyeusi ikiwa fremu mpya haijafika ndani ya milisekunde 200. Bora opereta asione kitu akasimamisha mashine.

3. Mtandao. Fremu ya 1920 × 1200 kwa biti 8 ni megabaiti 2.3. Laini ya gigabiti moja inabeba kama megabaiti 115 kwa sekunde, yaani fremu 50 hivi, basi. Kamera mbili kwenye laini moja zitagawana. Picha ya rangi itumeni ghafi ya Bayer (kila nukta ina rangi moja tu), kompyuta iigeuze, la sivyo mzigo unakuwa mara tatu. Fremu kubwa za baiti 9000 ziwashwe kwenye kamera, swichi na kadi ya mtandao, zote tatu.

4. Kebo ya Cat6 yenye waya mzito mmoja mmoja inakatika ndani kwa ndani kwenye mnyororo wa kebo. Nunueni yenye nyuzi, iliyotengenezewa kujikunja, na yenye kinga. Ukomo wa mita 100 ni wa kebo ya waya mzito, wa yenye nyuzi huwa mfupi zaidi. TIG inayowashwa kwa masafa ya juu ni mkorofi zaidi: mwagiko huo wa kilovolti unaingia kwenye bodi ya kamera kupitia bano la tochi. Tengeni kamera na bano kwa kipande cha nailoni au bakelaiti, msipitishe kebo sambamba na waya wa athi, na ikibidi tumieni faiba. Tazameni kihesabu cha pakiti zilizopotea wakati tochi inawashwa. Wakati imezimwa kila mtandao ni mzima.

5. Mwanga: zimeni marekebisho ya kujiendesha ya eksposha (muda wa kupokea mwanga) na geini (ukuzaji wa ishara). Kamera ya kawaida inabeba tofauti ya mwanga ya dB 60 hivi, yaani 1,000 kwa 1, wakati moto wa arki na kingo za mfereji vinaweza kuachana zaidi ya milioni kwa moja. Kwa TIG tafuteni sensa ya dB 120 au zaidi. Sensa isome eneo lote kwa mara moja. Ikisoma mstari kwa mstari, mkondo wa pulsi (umeme unaopanda na kushuka) utawachorea mikanda.

6. Lenzi za zamani msizitupe, lakini soma aina ya kifungio, maana uzi wake ni mmoja: C ni mm 17.526 kutoka kifungio hadi kwenye sensa, CS ni 12.526, pungufu ya pete ya mm 5. Lenzi ya sensa ya inchi 1/3 kwenye sensa ya inchi 2/3 inaleta pembe nyeusi. Na kabla ya kurudisha kamera dukani kwa kuwa "haioni", angalieni kama lenzi ni ya airisi (tundu la kupitisha mwanga) inayojiendesha. Ile ikikosa umeme inajifunga, na kamera nyingi za viwandani hazina plagi yake.

Hewa ya kusafishia kioo cha mbele ipulizwe kuelekea mbali na mshono, maana ikifika kwenye gesi kinga mtapata matundu. Kioo chenyewe ni cha kubadilisha, si cha kukwangua.

Kebo ya koaksi iacheni mahali pake, na kamera ya zamani iwake kwenye skrini ndogo ya pembeni mpaka opereta mwenyewe aseme iondolewe.