Ratiba Niliyobandika Kwenye Friji Imenishinda

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Houston, Texas, na ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 6, na mdogo wao wa miezi 10 ambaye bado ananyonya. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Hukaa njiani wiki mbili au tatu, kisha hurudi nyumbani kwa siku nne au tano. Mwezi wa Agosti tulikubaliana kuwatoa watoto shuleni, nami nikaacha kazi ili niwasomeshe nyumbani. Nilitengeneza ratiba ya vipindi vinane vya dakika 40, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Hatujaifuata hata siku moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto akilia, kipindi kimekwenda. Nikiingia jikoni, wakubwa wanagombana. Inafika saa nane sijaswali Adhuhuri, nyumba iko ovyo na hisabati hazijaguswa. Usiku wakishalala ninakaa nikilia, kwa kuwa naona ninawanyima elimu ambayo wangeipata shuleni. Je, niwe ninaamka saa tisa usiku? Niongeze saa za masomo? Au nikubali tu kwamba kazi hii si yangu?*

*Mama wa Watatu, Houston*

Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata saa moja, na saa tisa usiku lala. Ratiba uliyoibandika ni ya shule yenye kengele, yenye mwalimu asiyenyonyesha na mpishi aliye katika jengo jingine. Hakuna mama aliye peke yake na watoto watatu ambaye angeiweza, na kushindwa kwako hakuonyeshi upungufu wowote wa bidii.

Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka 19, na mara nyingi nilikuwa na watoto zaidi ya 70 mbele yangu. Nikuambie dakika 40 za kipindi zilikwenda wapi: kuwatuliza, kugawa vitabu ambavyo watatu walishiriki kimoja, kuandika ubaoni, kumsubiri wa mwisho amalize kunakili, na kusahihisha madaftari huku nusu ya darasa ikipiga kelele. Mtoto mmoja alibahatika kunisomea kwa sauti labda mara moja kwa wiki, tena mistari michache. Mwanao wa miaka 6 akikaa ubavuni pako mkekani na kukusomea kwa robo saa kila siku, anapata kitu ambacho mimi, kwa mapenzi yangu yote, sikuweza kuwapa wanafunzi wangu. Ndiyo maana masomo ya ana kwa ana huchukua muda mfupi. Kwa uzoefu wangu, mtoto wa umri wake anatosheka na saa moja, ikizidi sana saa moja na robo ya kazi ya kitabu kwa siku, na dada yake saa mbili hadi mbili na nusu, ambazo nyingi atazifanya bila wewe.

Hofu ya sheria nayo uiweke kando, kwa sababu nahisi imejificha nyuma ya vile vipindi vinane. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Texas wa mwaka 1994, nyumba inayosomesha watoto wake inahesabiwa kama shule binafsi. Kinachotakiwa ni masomo yanayofundishwa kwa dhati, kwa kufuata mtaala ulioandikwa, katika mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Jimbo halikupangii idadi ya saa wala ya siku, wala halidai mitihani. Kama mliipelekea shule barua ya kuwaondoa watoto, mmetimiza wajibu wenu.

Sasa tuipange siku. Ninakuomba uache kuipanga kwa saa ya ukutani, uifunge kwenye mambo ambayo tayari yanatokea kila siku upende usipende: sala, milo, na usingizi wa mtoto mchanga. Hizo ndizo nguzo za siku yako. Tazama Adhuhuri peke yake: huko Houston inaingia karibu saa sita na robo mwezi wa Desemba, na karibu saa saba na nusu mwezi wa Julai, kwa sababu ya saa kusogezwa mbele kila Machi. Ratiba yenye namba italazimika kugongana na sala sehemu fulani ya mwaka; ratiba inayosema "hisabati kabla ya Adhuhuri, mapumziko baada yake" itasogea yenyewe. Na mtoto akichelewa kuamka, hakuna kipindi kilichokufa, kwa kuwa mambo yatafuatana vilevile, yakiwa yamechelewa kidogo.

Anza na mdogo kwa umri, si na yule mwenye kazi nyingi. Mtoto aliyekwisha kushiba uangalifu wako hukuachia nafasi, na asiyeshiba atakuvuta kanga hadi jioni. Baada ya uji na Kurani, keti mkekani umnyonyeshe mchanga huku mvulana akikusomea kitabu chake. Ukinyonyesha, mikono imeshughulika lakini masikio na macho yako yako huru, na kumsikiliza msomaji wa miaka 6 hakuhitaji zaidi ya hivyo. Wakati huohuo binti yako awe mezani na daftari lake la kazi, ambalo umemwandikia jana usiku mambo manne au matano anayoweza kuyafanya peke yake: hesabu za kurudia, kunakili kwa mwandiko mzuri, maneno ya tahajia, kurasa kadhaa za kusoma kimyakimya. Mfundishe kanuni moja, kwamba asichokielewa akiwekee alama na kuendelea mbele, asije kukuita kila dakika. Wiki mbili za kwanza atakuita tu. Mrudishe kwa upole hadi azoee.

Kisha mchanga analala, na hapa ninataka kukusisitizia kuliko mahali pengine popote. Usingizi wake wa asubuhi ndio muda wenye thamani kubwa kupita yote ulio nao, na najua unautumia kuosha vyombo. Acha vyombo. Hapo ndipo binti anapofundishwa somo jipya la hisabati, yaani lile linalohitaji akili yako nzima, halafu mnapitia yale aliyowekea alama. Kaka yake acheze, achore au apange vijiti vya kuhesabia. Mchanga akiamka baada ya dakika 40 utakuwa umemaliza sehemu ngumu ya siku, na yaliyobaki yanaweza kufanywa hata katikati ya kelele.

Kuhusu jiko, msimamo wangu ni kwamba mchana usipike. Pika usiku kwa kipimo cha milo miwili, mchana mle kiporo. Loweka maharage kabla ya kulala, yachemshe siku moja kwa wiki, uyagandishe katika vyombo vidogo ili siku nyingine ubaki na kuyaunga tu. Nyumba nayo itakuwa ovyo tangu asubuhi hadi Alasiri, na hilo likubali mapema ili lisikuumize kila unapopita sebuleni. Kabla ya Alasiri wote watatu msimame kwa nusu saa: mvulana afagie na kuokota, binti akunje nguo, wewe umalizie vyombo. Watoto wa umri huo wanaweza kazi hizo, ingawa mwanzoni utatamani kuzifanya mwenyewe kwa kuwa unazifanya haraka zaidi. Vumilia.

Baada ya Adhuhuri na chakula, rudisha desturi ya kwetu pwani ya kupumzika mchana. Mchanga alale tena, wakubwa wawe vitandani na vitabu kwa saa nzima bila kuzungumza, nawe ulale au unyooshe mgongo. Mama asiyepumzika hadi usiku ndiye anayekaa na kulia usiku.

Alasiri iwe ya yale mnayoyafanya pamoja, kwani huna sababu ya kufundisha sayansi mara mbili. Wasomee wote kitabu kimoja kwa sauti, kisha mdogo achore na mkubwa aandike aya. Siku moja katika wiki iwe ya maktaba ya umma, ambayo haina malipo na ina kiyoyozi. Hili si jambo dogo kwa hali ya hewa yenu, kwa maana miezi ya Julai na Agosti jua la Houston huwafungia watoto ndani. Kwa kuwa jimbo halikupangii kalenda, someni kiangazi hicho ambacho hata kucheza nje ni taabu, likizo yenu muichukue Novemba au Machi wakati hewa ni nzuri.

Kuna walimu wawili ambao hukuwataja. Wa kwanza ni bibi yao, ikiwa yuko hai huko Tanga. Saa tatu asubuhi kwenu ni saa kumi na moja jioni kwake wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili jioni saa zenu zinaporudishwa nyuma. Ni wakati ambao wazee wengi wameshaketi. Mara mbili kwa wiki mvulana amsomee bibi kwa Kiswahili kwa simu ya picha, au bibi amhadithie naye aeleze alichosikia. Wewe utapata dakika 20, na watoto watapata Kiswahili kutoka kwa mtu anayekimiliki.

Wa pili ni baba yao. Badala ya safari zake kuwa pengo, ziwe somo. Bandika ramani mahali palipokuwa na ile ratiba. Akielekea Los Angeles kwa barabara kuu ya I-10, awapigie simu San Antonio, El Paso, Tucson na Phoenix, watoto wachome pini, binti akokotoe maili na saa. Watagundua kwamba El Paso, ingawa imo ndani ya Texas, iko nyuma yenu kwa saa moja, na kwamba Phoenix haibadilishi saa Machi wala Novemba. Akiwa nyumbani, msilazimishe siku ya kawaida: bakini na kusoma na hisabati asubuhi, mengine mumwachie baba. Hizo ndizo siku zako pia za kutoka peke yako, hata kama ni kwenda sokoni bila mtoto mgongoni.

Ziko siku ambazo hakuna nguzo itakayosimama, mchanga ana homa au wewe mwenyewe hujalala. Amua sasa hivi, ukiwa na akili tulivu, mambo matatu ambayo yakifanyika siku hiyo imehesabika: robo saa ya kusoma, ukurasa mmoja wa hisabati, na Kurani. Halafu nunua daftari la kawaida, na kila usiku uandike mistari mitatu ya kilichofanyika, si cha kufanywa kesho. Baada ya mwezi utalisoma mwenyewe, na litakusaidia pia siku ndugu wa mumeo au jirani atakapouliza watoto wanasoma nini.

Umeuliza kama kazi hii si yako. Sijui, na wewe bado huwezi kujua, kwa sababu mpaka sasa umeijaribu kazi ya shule nzima. Jaribu mpangilio huu kwa wiki 12. Kama baada ya hapo kusoma kwa mvulana hakujasogea na nyumba haina amani, shule haijafungwa mlango, na kurudi si aibu kwa mtu yeyote. Lakini machozi ya kila usiku siyaweki katika hesabu ya ratiba. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua kuna huzuni inayowapata akina mama wengi, ambayo ni maradhi na ina tiba. Kama umelia hivi kwa zaidi ya wiki mbili, mweleze daktari wako wiki hii, na mweleze mumeo usiku wa leo, hata kama yuko barabarani.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, Atlanta. Ninafanya kazi zamu za usiku na ndiye ninayebaki nao mchana. Georgia inadai saa nne na nusu kwa siku. Nazipata vipi bila kuwachosha, nami nilale?*

*Baba Zawadi*

Marahaba, Baba Zawadi. Ni kweli, sheria yenu inataka siku 180 kwa mwaka, kila moja ya saa nne na nusu, tofauti na Texas. Lakini haisemi zote ziwe za kukaa mezani, wala haisemi zifuatane. Saa mbili za vitabu ukirudi kazini, kabla hujalala. Nusu saa ya kusoma kimya wakati usingizi umekuchukua, kama kuna mtu mzima mwingine wa kuwaangalia. Jioni mama yao akirudi, saa moja ya kusomewa historia au jiografia, na saa moja ya sayansi jikoni au bustanini, huku wakipima unga kwa gramu na kuandika walichokiona. Hizo ni saa nne na nusu. Ziandike, kwa sababu lazima utunze taarifa ya maendeleo ya kila mwaka kwa miaka mitatu. Usisahau pia tamko la kila mwaka la nia ya kusomesha nyumbani, ambalo kwa familia inayoendelea hupelekwa Idara ya Elimu ya jimbo ifikapo tarehe 1 Septemba, na mtihani wa kila miaka mitatu unaoanza mwishoni mwa darasa la tatu. Matokeo ya mtihani huo unayahifadhi mwenyewe nyumbani.