Mwanangu, pima udongo kabla ya kufungua pakiti

Rochester, Minnesota
9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na ile picha ya ua wa nyuma nimeitazama kwa makini. Umeniuliza mambo matatu: kwa nini mchicha uliosia mwanzoni mwa Aprili mwaka jana haukuota hata mmoja, kwa nini miche ya nyanya uliyoiweka dirishani ilirefuka kama nyuzi kisha ikalala, na kama kile kipande cha mita 1.2 kwa 3 huko Minneapolis kinastahili jasho lako, wakati mboga zimejaa dukani.

Nianze na la mwisho. Kinastahili, tena sana. Mchicha ukishakatwa hunyauka haraka mno, kwa hiyo huku ukiupata sokoni umeshalala siku mbili tatu na shina limekuwa kamba. Wako utauchuma sufuria ikiwa tayari jikoni. Na kuna raha nyingine isiyouzwa popote. Baada ya miezi mitano ya weupe mtupu, unainama asubuhi moja mwezi wa nne, unakuta ncha ya kijani imetoboa tope, ndogo kama kucha ya mtoto. Kitunguu saumu kilichofukiwa Oktoba ndicho hutangulia kutoka. Ukishaiona ncha hiyo mara moja, kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka utajikuta unatoka nje kuitafuta.

Sasa mchicha. Mbegu zako hazikuwa mbovu. Udongo wa huku mwanzoni mwa Aprili huwa karibu na baridi ya friji, na mchicha ni mmea wa joto: unataka udongo wenye nyuzijoto 20, yaani 68 kwenye kipimajoto cha Fahrenheit cha huku. Mbegu ilinyonya maji, ikavimba, ikakosa joto la kuendelea, na vimelea vya udongoni vikaimaliza. Ndiyo maana ulipofukua hukukuta chochote. Nyumbani tumezoea kungoja mvua. Maji yakija, unapanda. Huku maji yapo tele tangu theluji ianze kuyeyuka, kinachokosekana ni joto. Kwa hiyo usiniulize tarehe, niulize udongo una nyuzi ngapi.

Nunua kipimajoto cha udongo, kile chenye mshale mrefu wa chuma. Kichomeke sentimita 5 hadi 10, saa mbili asubuhi, siku tatu mfululizo. Usipime alasiri, kwa sababu jua hupasha ngozi ya juu tu na namba hukudanganya. Ukipata nyuzi 7 (45 kwa Fahrenheit), sia njegere, figili, saladi na dania. Nyuzi 10 (50), spinachi ya kwetu (huku huiita Swiss chard) na karoti. Nyuzi 16 (60), maharage. Nyuzi 20, ndipo mchicha, kunde na bamia, na huko kwako hiyo kwa kawaida ni mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni. Ukihesabu tangu mwanzoni mwa Aprili ni wiki nane hivi za subira, mwanangu, lakini mchicha uliosiwa kwenye udongo wa joto huota ndani ya siku tano na kuupita ule uliolala baridini.

Kuhusu kuandaa kitanda, mkosaji mkubwa ni haraka. Chukua konzi ya udongo kutoka kina cha kiganja, ifinye, kisha isukume kwa kidole gumba. Ukimeguka vipande vipande, uko tayari. Ukibaki donge linalong'aa, lenye alama za vidole vyako, rudi ndani na usiukanyage kabisa. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa mbichi hukauka ukawa matofali, na utahangaika nao msimu mzima. Tena huna haja ya kuuchimba kwa nguvu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yamekuwa yakiganda na kuyeyuka ndani ya madonge yako tangu Novemba. Baridi imekulimia. Shika bonge moja la juu siku udongo utakapokauka kidogo uone linavyomomonyoka lenyewe mkononi kama keki. Ingiza uma wa bustani, tikisa bila kupindua, kisha tandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 5. Kwa kipande chako ni kama lita 180. Usikubali mboji ya nyasi kutoka ua uliopigwa dawa ya kuua magugu, maana dawa nyingine hudumu hata baada ya kuoza, na nyanya hujikunja majani kama mkia wa kinyonga.

Jambo jingine kuhusu udongo huo, na hili usilipuuze. Ule ukuta wa gereji unaonekana mkongwe na rangi inabanduka. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, lakini zilizopakwa kabla ya hapo ziliacha vumbi lake chini ya kuta. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima sampuli za bustani za nyumbani, na ukiomba hupima risasi pia. Peleka kabla ya kupanda jani lolote la kuliwa. Ikiwa risasi iko juu, jenga kitanda cha mbao chenye kina cha sentimita 30, tandika kitambaa cha bustani chini, jaza udongo mpya, na kiwe mbali na ukuta.

Ikiwa udongo ni salama, ukuta huo ni neema. Kwetu jua hupita karibu na utosi, huna haja ya kuwaza kivuli kinaangukia wapi. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Kitu kirefu kikiwekwa kusini mwa kitanda, vyote vilivyo nyuma yake vitaishi gizani. Kwa bahati nzuri ukuta wako uko kaskazini: hauzibi jua, na joto la mchana hulirudisha usiku. Basi panga hivi: mstari wa ukutani nyanya tatu, sentimita 60 kati ya shina na shina, na mita moja iliyobaki wavu wa njegere. Mstari wa katikati, sukuma wiki sita kwa nafasi ya sentimita 45. Mbele kabisa, dania na mchicha.

Njoo sasa kwenye kitalu, kwa sababu hapo ndipo ulipoumia zaidi. Miche yako ilikuwa na matatizo mawili tofauti. Kurefuka ni njaa ya mwanga. Dirisha la mwezi wa tatu, hata likiwa la kusini, halitoshi; mche hunyoosha shingo kulitafuta jua, shina likawa jembamba na jeupe. Kulala ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la miche michanga. Ukikumbuka vizuri, shina lilisinyaa pale pale lilipogusana na udongo, kama limebanwa na uzi, huku majani ya juu bado ni mabichi. Vimelea vya kinyausi hupenda udongo uliolowa, hewa iliyotulia na baridi ya dirishani. Mche ukishapatwa hauponi, ung'oe mara moja pamoja na udongo wake.

Mwaka huu fanya hivi. Tumia udongo maalumu wa kuoteshea, ule mwepesi wa mifuko, wala usichote wa bustanini. Vikopo vya mtindi vinafaa. Toboa matundu matatu chini, vioshe kwa maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa, kisha visuuze. Lowesha udongo kwanza kwenye ndoo hadi ukiukamua udondoke tone moja tu. Sia nyanya mbili kwa kikopo, kina cha nusu sentimita, funika kwa plastiki, weka juu ya friji au mahali pengine penye nyuzi 24 hivi. Siku ya tano anza kuchungulia asubuhi na jioni. Utaona kwanza shina limejipinda kama sindano ya kushonea magunia, mgongo ukitangulia, kichwa bado kimefungwa ardhini. Usimsaidie. Saa chache baadaye hujinyoosha, na mara nyingine ganda la mbegu hubaki kichwani kama kofia. Lidondoshee tone la maji, litateleza.

Wakishaibuka, toa plastiki siku hiyo hiyo na washa taa. Taa ya kawaida ya LED nyeupe ndefu inatosha, iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, saa 14 hadi 16 kwa siku, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Wengi huining'iniza mbali, miche ikarudi kurefuka. Washa feni ndogo kwa mbali, majani yatikisike kidogo tu: hukausha uso wa udongo na kuliimarisha shina. Maji weka kwenye sahani chini ya vikopo, subiri dakika 20, mwaga yaliyobaki. Kikiwa chepesi ukikinyanyua, ndipo unamwagilia tena. Majani mawili ya kweli, yale yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu, yakitoka, kata mche dhaifu kwa mkasi. Ukiung'oa utasumbua mizizi ya mwenzake.

Pilipili mbuzi isie wiki hii, kwani huchukua wiki mbili hadi tatu kuota na hutaka joto zaidi ya nyanya. Sukuma wiki isie wiki ijayo. Nyanya ngoja hadi tarehe mosi Aprili. Ukizianza sasa zitazeeka kwenye vikopo. Spinachi usishangae ikiota miche mitatu mahali ulipoweka mbegu moja, kwa sababu ile unayoiita mbegu ni kishada. Na dania, hata ile ya kiungo jikoni, iviringishe taratibu chini ya chupa hadi ipasuke nusu mbili, kila nusu ni mbegu. Iloweke usiku kucha halafu sia.

Miche ya ndani haijui upepo wala jua kali. Ukiitoa moja kwa moja, majani hubabuka meupe kwa siku moja. Izoeshe siku 7 hadi 10: siku ya kwanza saa moja kivulini, ongeza kidogo kidogo, jua la asubuhi kwanza, usiku irudi ndani. Sukuma wiki huvumilia jalidi nyepesi, yaani umande ulioganda, kwa hiyo mwisho wa Aprili inaweza kuhamia nje. Nyanya na pilipili zisubiri hadi usiku usishuke chini ya nyuzi 10, kama tarehe 20 Mei. Ukiziharakisha hazifi, zinaduwaa, na majani hugeuka zambarau upande wa chini kwa sababu mizizi yenye baridi haiwezi kuvuta fosforasi. Wengi hukimbilia mbolea, kumbe tiba ni joto. Unapozihamisha, ondoa majani ya chini na fukia shina hadi karibu na kilele. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusa udongo.

Usiku wa hatari ni ule usio na mawingu wala upepo. Jioni ukiona mbingu ni safi na wametangaza nyuzi 2, mwagilia udongo, kisha kabla jua halijazama funika miche kwa shuka kuukuu juu ya vijiti, pindo lake lifike chini na likandamizwe kwa mawe. Kinachookoa miche ni joto linalopanda kutoka ardhini, kwa hiyo shuka lililofungwa shingoni kama kilemba halisaidii. Asubuhi lifunue.

Matandazo, ambayo kwetu hatuyaondoi, huku yatoe mwezi wa nne ili jua liupashe udongo, uyarudishe Juni. Sota, wale viwavi wa udongoni, hukata miche usiku kama kwa wembe. Zungushia kila shina bomba la karatasi ya chooni, sentimita 3 ziingie udongoni. Na wavu wa kuku wenye kimo cha sentimita 60, ukingo wa chini ukifukiwa, uweke siku ile ile unayopanda. Sungura wa Minneapolis humaliza njegere zote kwa alfajiri moja.

Mbegu za kunde alizokupa shangazi zipande, lakini uchume majani yake. Kunde nyingi za kwetu hungoja siku fupi ndipo zitoe maua, na huko mwezi wa sita mchana unapita saa 15 na jua huzama karibu saa tatu usiku. Zitatambaa na kunawiri majani tu hadi jalidi ya vuli izikute. Hali hiyo hiyo kwa mchicha ni baraka: aina nyingi huchelewa kutoa maua, na ukiukata ukifika sentimita 20, ukaacha vifundo viwili, utachipua tena na tena.

Theluji ikishaondoka kabisa kwenye kipande, chomeka kipimajoto na unitumie namba za asubuhi tatu. Pakiti ya njegere iweke karibu, nitakuambia usiku wa kuziloweka.

Baba yako