Lenzi ndefu haifupishi njia: majibu kwa wapiga picha wa Lubumbashi

Yaya, nilinunua lenzi ya milimita 70-300 iliyotumika. Nikivuta hadi mwisho, kila mnyama anatoka na ukungu, hata mbuzi wa jirani. Nimeuziwa kitu kibovu? (Msomaji wa Katuba)

Usimrudie muuzaji kwanza. Bandika gazeti ukutani, weka kamera juu ya meza, tumia saa ya kujipiga ili usiiguse, upige mchana kweupe kwa milimita 300. Herufi zikisomeka vizuri, lenzi ni nzima. Kinachokuangusha ni kasi.

Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka kupokea mwanga, isipungue moja chini ya urefu wa lenzi: kwa 300, angalau 1/300. Lakini kamera nyingi tunazonunua mjini zina sensa ndogo, inayokata picha mara 1.5, kwa hiyo hesabu 450 na uweke 1/500. Hiyo ni kwa mkono wako tu. Swala anayetembea anataka 1/1000, ndege anayeruka 1/2000. Kizuia mtikisiko cha ndani ya lenzi kinatuliza mikono yako, hakimtulizi mnyama.

"Lakini ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, itapanda." Ndiyo, ipande. Weka 1600, au 3200 jioni. Picha yenye chengachenga inafaa, iliyotikisika ni ya kufuta. Watu wengi hapa wanaogopa ISO kuliko wanavyoogopa mnyama mwenyewe, sijui nani aliwatisha.

Jambo la mwisho: ukiwa ndani ya gari, omba dereva azime injini. Gari likinguruma, 300 yote inatetemeka. Laza lenzi juu ya kifuko cha maharage mlangoni, kioo kikiwa chini. Tripodi ndani ya Land Cruiser yenye watu sita ni ugomvi tu.

Milimita 300 zinatosha kwa punda milia wa mbuga ya Upemba? (Papa wa Kampemba)

Kwa picha ya uso, mara nyingi hapana. Hao ndio punda milia wa mwisho waliobaki Kongo. Wamewindwa miaka mingi na hawamsubiri mtu asogee. Hata ukiwa na 600, saa sita mchana kwenye uwanda wa juu wa Kibara utapiga hewa ya moto inayocheza kati yako na wao, na hakuna lenzi inayoondoa hewa. Piga katika saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, au ile ya mwisho kabla halijazama.

Mimi ningewaacha wawe wadogo ndani ya picha, na nyasi na milima viwe vikubwa. Mbuga ile imekuwepo tangu 1939; nchi yenyewe inastahili nafasi katika fremu. Kabla ya kupanga lolote, uliza ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga za Kongo, kuhusu ruhusa, barabara na usalama. Na Agosti hadi Septemba moshi wa mioto ya pori hufanya kila kitu cha mbali kiwe kijivu.

Je, ninunue kiongeza-lenzi cha mara 2 badala ya lenzi mpya?

Hapana. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi. Kinakula mwanga mara nne: tundu la lenzi la f/5.6 linakuwa kama f/11, dogo zaidi, na kamera nyingi hapo zinashindwa kulenga zenyewe. Cha 1.4, juu ya lenzi nzuri, naweza kukivumilia.

Tunataka kwenda mbuga ya Kasanka, Zambia, kuona popo. Lenzi gani, na mpakani itakuwaje? (Mama wa Kamalondo, na wenzake)

Mmechagua vizuri, mama. Popo wa matunda hukusanyika pale kwa mamilioni kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba, na kilele huwa Novemba. Njia ni Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, kisha Serenje.

Lenzi ya 70-300 inatosha, na chukueni pia fupi. Wakitoka jioni, anga lote linajaa. Kwa lenzi ndefu tu mtarudi na popo mmoja mmoja, bila ule wingi uliowapeleka. Ndefu itumieni kwa wanaopita chini, karibu na miti: chagua mmoja, mfuate, kamera ikiendelea kulenga bila kusimama. Wa juu sana wanageuka punje za pilipili.

Anga nyeupe inaidanganya kamera, inafanya popo weusi kabisa. Ongezeni mwanga hatua moja, au kubalini vivuli. Mimi napenda alfajiri zaidi, wanaporudi: jua likiwa chini nyuma yao, ngozi ya mabawa inaangaza na mifupa ya vidole inaonekana. Ni majira ya mvua, bebeni mifuko ya plastiki ya kufunika kamera.

Mpakani: kabla ya kutoka, onyesheni kamera na lenzi kwa forodha, mkiwa na risiti na namba zake zimeandikwa, ili mkirudi zisidhaniwe zimenunuliwa huko. Msipige picha yoyote pale. Lenzi ndefu iliyo nje ya mfuko karibu na mpaka, daraja, uwanja wa ndege au askari inaleta maswali ambayo hamtapenda kujibu. Kifuko cha maharage kibebeni kitupu. Mahindi ya kukijaza mtanunua sokoni Serenje.

Nikipiga picha sokwe wa J.A.C.K., kituo cha kuwalea sokwe yatima hapa Lubumbashi, waya wa uzio unatokea kwenye picha zote.

Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, vuta hadi 300, na subiri sokwe akae mbali na waya. Chagua sehemu ambayo waya uko kivulini. Wa juani utang'aa hata ufanyeje. Usivuke mstari wa wageni ili usogee. Manyoya meusi yakijaza fremu, punguza mwanga kidogo, la sivyo yatatoka kijivu.

Na simu yangu yenye zumu ya mara 100?

Piga nayo wenzako ndani ya gari.