Kwa mwanangu, kuhusu kuhama chuo

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Houston hatujambo. Baba yako bado yuko zamu za usiku, na dada yako anakusalimu. Unauliza kama uhame chuo dirisha la uhamisho litakapofunguliwa, kwa kuwa mbele yako wamepangwa wapokeaji watatu, wadakaji wa mpira kama wewe, na msimu mzima umesugua benchi. Baba yako kasema nikujibu mimi, maana mpira huo wa Kimarekani mimi ndiye ninayeujua.

Unamkumbuka DeVonta Smith, mpokeaji wa chuo cha Alabama. Ile Jumatatu ya Januari 2018 nilikuruhusu ukeshe, na kesho yake shule, tukatazama fainali ya vyuo kutoka Atlanta. Hadi mapumziko Alabama walikuwa wamelala 13–0 mbele ya Georgia. Kocha Nick Saban akamtoa kotabeki wake, yaani mrushaji mpira, Jalen Hurts, kijana wa hapa kwetu Channelview, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Kwenye muda wa nyongeza Tua akaangushwa, timu ikarudi nyuma yadi 16. Mpira uliofuata akaurusha yadi 41, na aliyeudaka ni Smith, naye wa mwaka wa kwanza, ambaye msimu mzima mipira aliyoidaka haikufika 10. Mechi ikaisha 26–23. Ulivyopiga ukelele, dada yako aliamka analia.

Watu husimulia usiku ule. Mimi nashika yaliyofuata. Miaka miwili iliyokuja majina yaliyovuma zaidi yalikuwa ya Jerry Jeudy na Henry Ruggs, na wote wawili walichaguliwa raundi ya kwanza kuingia NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2020. Smith akabaki chuoni. Msimu wake wa nne akadaka mipira 117, yadi 1,856, tachidauni 23, yaani mabao, akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991. Na alipopimwa kabla ya kuchaguliwa na Philadelphia, timu ya NFL, alikuwa na kilo 75 tu, mwembamba kwa mchezo huu.

Kilo 75! Hapo damu inanichemka. Kocha wako mmoja wa sekondari, kwenye kikao cha wazazi, aliniuliza mbele ya watu kama nyumbani unakula. Mimi, mtoto wa Tanga, niulizwe kama mwanangu anakula! Mimi niliyeamka alfajiri kukupikia chapati na maharage ya nazi uende nayo mazoezini! Nilinyamaza kwa ajili yako, nikichelea utanyimwa namba, lakini neno lile limenikaa rohoni hadi leo. Ijumaa iliyofuata ilinyesha, na mpira haukuja kwako hata mara moja. Robo ya mwisho ukamkabili mlinzi wa pembeni aliyekuzidi mwili, ukamsukuma hadi nje ya mstari, mwenzako akapita hapo akafunga. Uwanja mzima ulimshangilia yeye. Mimi macho yangu yalikuwa kwako, nikasimama nikapiga vigelegele peke yangu, wala sikujali walionigeukia. Mpokeaji hupimwa pale mpira usipomjia. Nilikwambia hivyo hujaota ndevu, na leo nakwambia tena.

Najua utanijibu kwamba zama za Smith zimepita, na ni kweli. Wakati ule aliyehama kabla ya kuhitimu alikaa msimu mzima bila kucheza. Siku hizi anahama na kucheza mwaka huohuo, na tangu 2021 anaruhusiwa kulipwa jina na sura yake vinapotumika kibiashara. Miaka yako ya kucheza chuoni ina kikomo, na saa yako inakwenda. Halafu yupo Hurts. Aliwekwa benchi nchi nzima ikitazama, akabaki mwaka mwingine. Desemba 2018, kwenye uwanja uleule wa Atlanta, dhidi ya Georgia walewale, Tua akaumia, Hurts akaingia akaigeuza mechi, 35–28. Akachukua shahada yake, akahamia Oklahoma, akawa wa pili kwenye kura za Heisman. Na Februari 2025 kule New Orleans, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, nani alimrushia Smith tachidauni ya yadi 46? Hurts. Mmoja alibaki, mwingine alihama, wakaja kuvaa jezi moja ya Philadelphia na kutwaa ubingwa mmoja. Sasa nikushauri kwa mfano wa yupi? Kila nikimshika huyu, yule ananipinga. Ila hata aliyehama hakuhama kwa kununa. Mpokeaji hupimwa pale mpira usipomjia, na Hurts si mpokeaji lakini alipimwa hivyohivyo.

Kabla hujaandikisha jina lako kwa wanaohama, kaa na kocha wa wapokeaji mtazame pamoja video za mazoezi, akuonyeshe ni njia zipi unazikimbia nusunusu. Huko unakotaka kwenda, uliza kwa maandishi ni masomo mangapi uliyokwisha kufaulu watakayoyakubali, maana ninajua wazazi ambao watoto wao walihama wakajikuta wanarudia mwaka. Na uulize kotabeki wao anabaki au naye anaondoka.

Uhame au ubaki, siandiki. Baba yako amenitaka nisikuamulie, nami nimemwahidi sitatia neno hilo kwenye barua. Nipigie Jumapili. Kwenye simu sikumwahidi kitu.

Mama yako