Kwa nini Deluxe Paint huwa nzito kwenye Amiga 500 ukiongeza upana wa skrini

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini Deluxe Paint, programu ya kuchora, kwenye kompyuta ya zamani ya Amiga 500 uliyoachiwa inakwenda vizuri kwa pikseli 320 kwa 256, lakini ukihamia 640 kwa 256 yenye rangi 16 brashi inajivuta, na tayari umeanza kuishuku prosesa. Prosesa haina kosa, wala Dan Silva, aliyeiandikia Electronic Arts programu hiyo ikatoka mwaka 1985, hakuiandika ovyo. Tatizo liko kwenye kumbukumbu.

Amiga haiweki rangi ya pikseli mahali pamoja, bali huigawa picha katika matabaka ya biti, kila tabaka likibeba biti moja ya kila pikseli: manne kwa rangi 16, matano kwa rangi 32. Skrini yako ya kwanza, ikiwa na rangi 32, hula baiti 51,200. Ya pili hula baiti 81,920, kabla hujahesabu ukurasa wa akiba unaofunguliwa kwa kitufe cha j. Hata hivyo ukubwa huo si kiini. Chipu ya kuonyesha picha, blita inayohamisha vipande vya picha, na prosesa yenyewe zote huteka maji kwenye bomba moja, yaani kumbukumbu ile ile, na mwenye kuonyesha picha hapangi foleni. Kwa rangi 16 kwenye upana wa 320 huiachia prosesa nafasi zake zote za kuifikia kumbukumbu. Kwa rangi hizo hizo kwenye upana wa 640 humeza kila nafasi wakati pikseli za mstari zinaonyeshwa, hivyo prosesa na blita husubiri pambizo za kioo na ile mistari 56 isiyobeba picha kati ya 312 ya PAL, mfumo wa televisheni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa Leicester, nikichora majina ya maharusi kwa ajili ya mikanda ya video. Herufi kubwa nilizozikata kama brashi zilikuwa zikinifuata kwa kuchelewa: kipanya kimeshatua, jina la bibi harusi bado liko njiani. Nilipoteremsha rangi hadi 8, yaani matabaka matatu, unafuu ulionekana papo hapo, na kwa herufi za dhahabu zenye kivuli cheusi rangi 8 zinatosha kabisa. (Jamaa zangu wa Atari ST, kompyuta hasimu, walijisifia MHz 8 za prosesa yao dhidi ya 7 na ushei za kwetu, nami niliwaacha wafurahi.)

Usikimbilie kununua kadi ya KB 512 inayochomekwa chini ya mashine kwa kutafuta kasi, kwa sababu nayo hupita njia ile ile yenye msongamano. Itakupa nafasi tu. Kumbukumbu inayofungwa ubavuni kushoto huipa prosesa njia yake, ila blita itabaki kwenye foleni.

Kuhusu HAM, hali ya skrini yenye rangi nyingi zaidi, iliyoingia katika toleo la nne la Deluxe Paint mwaka 1991, uzito wake ni wa aina nyingine. Ili kufikia rangi 4096, pikseli inaweza kuchukua rangi ya jirani yake wa kushoto na kubadilisha sehemu moja tu, ama nyekundu, kijani au bluu. Ukigusa moja, zilizo kuliani kwake huenda zikahitaji kukokotolewa upya. Huko hata kupunguza upana hakukuokoi, kwa hiyo chora kwanza kwa rangi 32, kisha uhamie HAM kwa marekebisho ya mwisho.

Tujulishe unatumia toleo lipi, na kama ubavuni mwa mashine kuna kitu kimefungwa.