Samaki mwekundu wa baridi hataki haraka

Ukitaka kuvua samaki mwekundu kwenye hori za Charleston, South Carolina, kati ya Desemba na Februari, usiamke alfajiri. Lala. Huku matope ni meusi na hushika joto la jua, kwa hiyo samaki aliyezubaa kwa baridi asubuhi huanza kula mchana. Mimi hutafuta siku ya jua ambayo maji yanakupwa kuanzia adhuhuri.

Namzungumzia yule wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi mkiani, ambaye Wamarekani humwita redfish. Kwa anayevua kwa ndoano ya manyoya, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na chakula cha samaki, hakuna majira mazuri kuliko haya. Mwani umepungua, maji yanang'aa, unamwona samaki kabla hujatupa. Tena hutembea kwa makundi makubwa, maana chakula kingine cha pomboo kimeadimika nao wanawawinda. Wanajificha kwenye maji mafupi ambako pomboo hafiki.

Zima injini mbali, ingia kwa pondo. Kundi likisikia kishindo linaondoka lote. Na kumbuka maji ya Charleston hushuka zaidi ya mita 1.5; fahamu utatokea wapi kabla hujakwama juu ya chaza.

Fimbo namba 8 (namba ni ya uzito wa mshipi inaourusha) na mshipi unaoelea vinatosha. Uzi wa mbele, ule mwembamba kati ya mshipi na ndoano, uwe mrefu kuliko wa kiangazi, na ndoano iwe ndogo, nyepesi, isiyoanguka kwa kishindo. Itupe pembeni mwa kundi, kamwe si katikati. Iache izame. Kisha ivute kidogo kidogo, na ukidhani unavuta polepole, punguza tena, kwa sababu samaki wa baridi hakimbizi chakula. Mara nyingi hutahisi kuguswa. Mshipi utakuwa mzito tu. Hapo vuta mshipi kwa mkono. Ukiinua fimbo, umemkosa.

Kundi moja linaweza kukaa sehemu ile ile majira yote. Likisumbuliwa kila siku linaacha kula, kwa hiyo nikipata wawili watatu nahama, na nawasihi wenzangu wahame pia. Miaka ya 1980, mapishi ya samaki huyu ya mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans yalipovuma, samaki hawa walivuliwa kupita kiasi katika Ghuba ya Meksiko. Mwaka 2007 Rais George W. Bush alitoa amri ya kuwalinda.

Lowesha mikono kabla ya kumshika, mtoe ndoano akiwa majini. Siku ya barafu usimnyanyue kabisa: upepo ule unaunguza matamvua.