Testa inawaka kwa mashimo yote mawili ya soketi

SWALI: Fundi salamu. Niko Umoja, nyumba ya kupanga. Soketi mbili za sebuleni zimekufa tangu juzi lakini za jikoni ziko sawa, nikaweka testa ikawaka shimo la kulia na la kushoto pia, sasa fundi wa hapa mtaani anasema ukuta umeshika stima na waya zote zitolewe. Ni kweli?
Mama wa wawili, Umoja

JIBU: Mama usitoe pesa bado. Stima inaingia na laivu inarudi na nyutro, na hiyo nyutro yako naona imekatika ama imelegea mahali. Kama TV ama chaja bado imechomekwa, laivu inapitia ndani yake inatokea kwa nyutro, inakosa njia ya kurudi, ndio maana testa inawaka kote na hakuna kitu kinafanya kazi. Chomoa kila kitu kwa hizo soketi mbili halafu pima tena. Shimo la kushoto, ndilo la nyutro, likizima ama likififia sana, basi ni nyutro.

Na tafadhali sana, hiyo waya ya bluu (nyumba za zamani ni nyeusi) usiishike eti kwa sababu ni nyutro. Ikikatika hivyo inaweza kuwa na volti 240 kamili, watu wanaumia hapo.

Kutafuta sasa. Jaribu testa kwa soketi ya jikoni uone inawaka, zima meni swichi, jaribu tena uhakikishe imezima. Fungua soketi ya mwisho inayofanya kazi na ya kwanza iliyokufa, mara nyingi shida iko kati ya hizo mbili, skrubu imelegea ama plastiki imeungua ikawa nyeusi. Testa haiwezi kukuonyesha waya iliyokatika, hapo azima maltimita (kifaa cha kupima stima na waya), iweke kwa ile alama ya kutoa sauti pii waya ikiwa nzima, sindano moja kwa nyutro ya jikoni nyingine kwa nyutro ya sebuleni, ikinyamaza nyutro imekatika hapo kati. Kama sebule ina breka yake, skrubu inaweza kuwa imelegea ndani ya boksi la breka, na hapo usifungue wewe, waya za kutoka kwa mita zinabaki na stima hata meni ikiwa imezimwa. Mwambie keateka alete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi.

Lakini ukiona taa za nyumba nzima zinang'aa kupita kawaida, ama za jirani zinafifia zako zikiwaka sana, hiyo ni nyutro ya nje imekatika, zima meni mara moja kabla friji iungue halafu piga Kenya Power 97771.